Futi 66 za Kasisi Gunter

Ekari moja ina futi za mraba 43,560. Itazame vizuri namba hiyo. Haina mzizi wa mraba ulio kamili, haigawanyiki kwa mia, na mwanafunzi akiambiwa aikariri ataipoteza kabla ya kengele ya kutoka. Hata hivyo ndiyo inayotawala mashamba yanayouzwa Kitale, viwanja vinavyogombewa Kibaha na urithi unaowafikisha ndugu mahakamani kule Mukono. Hakuna aliyeketi akaibuni. Imetokana na kuzidisha 66 kwa 660, na hiyo 66 ni urefu, kwa futi, wa kipimo ambacho Waingereza wenyewe wamekwisha kukiacha, ila wachezaji wa kriketi na mafundi wa reli. Kiliitwa cheni, kwa sababu kilikuwa mnyororo kweli, wa waya mnene wa chuma, uliokokotwa shambani na watu wawili.

Kabla ya mnyororo ilikuwapo fimbo. Sheria ya kale ya Uingereza, ya karne ya 13 hivi, iliyoandikwa kwa Kilatini, inaanzia chini kabisa: punje tatu za shayiri iliyokauka zikipangwa moja baada ya nyingine ni inchi moja, inchi 12 ni futi, futi tatu ni yadi, yadi tano na nusu ni fimbo, na fimbo 40 kwa urefu na nne kwa upana ni ekari. Mambo yanakwenda sawa mpaka kwenye hiyo tano na nusu. Nusu imetoka wapi? Jibu wanalolitoa wengi wa wanahistoria wa vipimo ni kwamba dola iliifupisha futi, lakini haikuthubutu kuigusa fimbo. Fimbo ndiyo iliyokuwa imepima mashamba, na mashamba ndiyo yaliyotozwa kodi. Mfalme angeigusa fimbo, kila mkulima angedai mipaka yake ikaguliwe na kodi yake ihesabiwe upya. Basi futi 15 za zamani zikawa futi 16 na nusu za sasa, fimbo ikabaki palepale, na nusu ile ikawasumbua watoto wa shule kwa karne nyingi.

Fimbo 40 nazo zilikuwa na jina lake, falongi. Hayo ni masafa ambayo maksai waliweza kukokota plau kabla ya kusimama wapumue na kugeuzwa. Ekari yenyewe ilikuwa eneo ambalo maksai hao walilima kwa siku moja. Ndiyo maana ekari ya asili haikuwa mraba kama tunavyoichora leo. Ilikuwa ukanda mrefu mwembamba, kwa kuwa kugeuza plau nzito yenye maksai wanane ni adhabu, na mkulima mwenye akili hupanga shamba lake ageuze mara chache iwezekanavyo. Nani ameona kipimo kinachoeleza uchovu wa ng'ombe kwa usahihi kiasi hicho?

Tatizo ni kwamba uchovu wa ng'ombe haufanani kila mahali. Penye msitu watu walitumia fimbo ya futi 18, kwingine 20 au zaidi. Wajerumani walikuwa na dawa yao ya ugonjwa huo. Kitabu cha upimaji cha Jacob Köbel, kilichochapishwa miaka ya 1530, kina mchoro wa wanaume 16 wakitoka kanisani Jumapili, warefu kwa wafupi kama walivyotokea, wakajipanga kila mmoja akiweka mguu wake wa kushoto nyuma ya mguu wa mwenzake. Urefu wa nyayo hizo 16 ndio fimbo halali. Wanaotunga mitihani ya takwimu leo wangeipa njia hiyo alama nzuri: kosa la mwenye mguu mkubwa linafutwa na la mwenye mguu mdogo, na hakuna tajiri wa kijiji anayeweza kuchagua mguu unaompendeza.

Uingereza ilichukua njia ya sheria. Mwaka 1593 Bunge la Malkia Elizabeth wa Kwanza lilitaka kuwazuia watu wasijenge nyumba mpya ndani ya maili tatu kutoka malango ya London, mji uliokuwa ukifurika. Ikabidi sheria iseme maili ni nini. Maili ya zamani, iliyorithiwa kwa Warumi, ilikuwa futi 5,000, namba safi. Lakini falongi haikuingia vizuri ndani ya futi 5,000, na falongi ilitokana na fimbo, na fimbo, kama tulivyoona, haiguswi. Kwa hiyo maili ndiyo iliyonyooshwa: falongi nane, sawa na fimbo 320, sawa na futi 5,280. Sheria ya kuzuia ujenzi ilishindwa vibaya, London ikaendelea kutanuka hadi leo, lakini ufafanuzi ule wa maili uliowekwa humo kama nyongeza ndio uliobaki.

Wakati huo ardhi ya Uingereza ilikuwa imeanza kuuzwa kuliko wakati wowote kabla yake. Kati ya 1536 na 1540 Henry wa Nane alizifunga nyumba za watawa, akanyakua ardhi zao, akaziuza kwa wakubwa na wafanyabiashara. Mabwana wengine walizungushia uzio malisho yaliyokuwa ya kijiji kizima na kuyafanya yao. Hapo ndipo mpima ardhi alipoibuka kama mtu wa kuogopwa. Mwaka 1607 John Norden, mpimaji mwenyewe, alichapa kitabu cha mazungumzo kati ya mpimaji na mkulima, na mkulima anamtupia mgeni wake lawama ambazo mzee yeyote wa kijiji chochote cha Afrika Mashariki angezitambua mara moja: ninyi mnakuja na vyombo vyenu, mnaondoka, kisha kodi inapanda na watu wanapoteza mashamba. Norden aliandika ili kuitetea kazi yake. Mimi nimemaliza kusoma habari za miaka ile nikiwa upande wa mkulima.

Katika zogo hilo ndipo anapoingia Edmund Gunter. Alizaliwa mwaka 1581, akasoma shule ya Westminster, kisha Christ Church, Oxford, akapewa upadri wa Kianglikana, na kuanzia 1615 akawa kasisi wa parokia ya Mtakatifu George, Southwark, ng'ambo ya mto kutoka London. Moyo wake ulikuwa kwenye vyombo vya hesabu. Mwandishi John Aubrey, aliyependa umbea wa wasomi, anasimulia kwamba Sir Henry Savile alipotafuta profesa wa jiometri wa Oxford mwaka 1619 alimwita Gunter. Gunter akaja na bikari na kipima pembe, akaanza kuonyesha jinsi ya kutatua mafumbo ya pembetatu kwa vyombo hivyo. Savile alikasirika. Akamwambia kwamba hiyo si jiometri, ni mazingaombwe, akamwaga, na kazi akampa Henry Briggs, rafiki wa Gunter. Gunter akaenda Gresham College, London, mahali ambapo mihadhara ilitolewa bure kwa umma, na mabaharia na mafundi waliweza kuingia wakasikiliza. Alifundisha falaki huko hadi alipofariki mwaka 1626, akiwa na miaka 45.

Savile alikuwa msomi mkubwa, lakini kwa hili alikosea mtu. Gunter alichapa majedwali ya logi za saini na tanjiti mwaka 1620, akatengeneza rula ya logi iliyotumiwa na manahodha kwa zaidi ya miaka 200, na ndiye aliyeyaleta majina ya kosaini na kotanjiti ambayo wanafunzi wetu wa kidato cha tatu bado wanayatolea jasho. Cheni aliitoa karibu na mwaka huo wa 1620. Minyororo ya kupimia ilikuwapo kabla yake. Alichobuni yeye ni urefu na mgawanyo.

Urefu: fimbo nne, yaani futi 66, yaani yadi 22. Mgawanyo: pingili 100. Hapo ndipo ulipo werevu wote. Pingili moja inakuwa inchi 7.92, namba ya ajabu ambayo hakuna anayehitaji kuijua, kwa kuwa mpimaji hapimi tena kwa inchi. Anahesabu cheni na pingili tu, na pingili ni sehemu ya mia ya cheni. Cheni 10 ni falongi. Cheni 80 ni maili. Ukanda wa cheni moja kwa cheni 10, ile siku moja ya maksai, ni ekari. Kwa hiyo ekari ni cheni za mraba 10, au pingili za mraba 100,000 kamili.

Tuseme shamba lina urefu wa cheni 12 na pingili 50, na upana wa cheni nane na pingili 40. Mpimaji wa fimbo angekaa usiku kucha na nusu zake na robo zake. Mpimaji wa Gunter anazidisha 1,250 kwa 840, anapata 1,050,000, anarudisha nukta nafasi tano, anaandika: ekari 10.5. Amemaliza. Desimali zilikuwa jambo jipya Ulaya. Simon Stevin alikuwa amezitangaza mwaka 1585 tu, miaka 35 nyuma. Gunter hakumwomba mkulima aache nne zake na arobaini zake, wala hakumwomba mwanahesabu aache kumi zake. Aliwafunga pamoja kwa mnyororo mmoja. Wafaransa walipoleta mita mwishoni mwa karne ya 18 walivunja kila kitu na kuanza upya. Yeye alifika kwenye desimali bila kumhamisha mtu hata mpaka mmoja.

Kazi yenyewe ya shambani ilikuwa hivi. Mtu wa mbele anashika mpini mmoja wa mnyororo na vijiti 10 vya chuma vilivyofungwa vitambaa vyekundu. Mtu wa nyuma anashika mpini mwingine na kusimama kwenye alama. Wa mbele anatembea mpaka mnyororo unyooke, wa nyuma anamwelekeza kulia au kushoto hadi awe kwenye mstari, kijiti kinachomekwa, wanasogea. Wa nyuma anakusanya vijiti. Akiwa navyo vyote 10 mkononi, wamemaliza falongi. Anavirudisha mbele, karani anaandika, safari inaanza upya. Mtu asiyejua kusoma aliweza kuifanya kazi hiyo bila kukosea, maana hesabu ilikuwa mkononi mwake.

Ili kusoma sehemu ya cheni, kila baada ya pingili 10 kulining'inizwa kipande cha shaba: chenye ncha moja kwa 10, mbili kwa 20, tatu kwa 30, nne kwa 40, na cha mviringo katikati, kwa 50. Kutoka upande wa pili vilijirudia vilevile ili mnyororo utumike kwa vyovyote utakavyoshikwa. Hapo kukazaliwa kosa maarufu la vibarua wachovu, la kusoma 40 mahali pa 60. Kosa jingine lilikuwa la kimyakimya zaidi. Kila pingili iliungana na mwenzake kwa vijipete, na chuma kikisuguana na chuma kwa miezi huliwa. Kila kiungo kikiliwa kidogo tu, mnyororo mzima unarefuka kwa inchi kadhaa. Mnyororo uliorefuka hutoa hesabu ndogo kuliko ukweli, na hapo mnunuzi anapata ziada bila kujua. Matope na majani yakiingia kwenye viungo, mambo hugeuka, anafaidi muuzaji. Wapimaji waangalifu waliweka alama mbili za futi 66 kwenye sakafu ya jiwe, wakaulaza mnyororo hapo kila mara kuukagua. Wasio waangalifu ndio waliowapa mawakili kazi kwa vizazi vilivyofuata.

Chombo hicho kilipata uwanja wake mkubwa ng'ambo ya Atlantiki. George Washington alikuwa mpima ardhi wa wilaya ya Culpeper, Virginia, mwaka 1749 akiwa na miaka 17. Abraham Lincoln alipima mashamba Illinois kuanzia 1833, akiwa maskini wa kutupwa. Vyombo vyake viliwahi kupigwa mnada kwa deni, rafiki akavinunua na kumrudishia. Lakini watu hao wawili ni wadogo ukilinganisha na sheria iliyopitishwa na Bunge la Marekani tarehe 20 Mei 1785.

Nchi ile changa ilikuwa na deni la vita na haikuwa na fedha. Ilichokuwa nacho ni ardhi ya magharibi, au tuseme madai juu ya ardhi hiyo, kwa kuwa Washawnee, Wamiami, Walenape na wengine walikuwa wakiishi humo na hawakuwa wameiuza. Sheria ikaagiza nchi yote ikatwe miraba ya maili sita kwa sita, kila mraba ugawanywe vipande 36 vya maili moja ya mraba, kila kipande ekari 640, bei isipungue dola moja kwa ekari, na kipande namba 16 kiachwe kwa ajili ya shule. Thomas Hutchins, mwanajiografia wa serikali, alianza tarehe 30 Septemba 1785 kwenye ukingo wa mto Ohio, mpakani mwa Pennsylvania. Alikwenda maili chache tu akasitisha kazi, kwa sababu wenye nchi walikuwa wamekasirika. Mwaka uliofuata alirudi.

Thomas Jefferson alikuwa ametaka mfumo mwingine, wa kumi kwa kumi kuanzia maili hadi fedha. Kwa fedha alishinda, ndiyo maana dola ina senti 100. Kwa ardhi alishindwa. Mwaka 1794 Ufaransa ilimtuma mtaalamu wa mimea, Joseph Dombey, apeleke Marekani kielelezo cha mita na cha uzito mpya, pengine Bunge lingeshawishika. Dhoruba iliisukuma meli yake hadi Karibi, maharamia wenye kibali cha Uingereza wakamteka, akafia kifungoni kisiwani Montserrat. Vielelezo vyake vikauzwa pamoja na mali nyingine. Ukweli ni kwamba hata angefika, wapimaji walikuwa tayari msituni, na walichobeba ni cheni ya Gunter au nusu yake ya futi 33, iliyofaa zaidi penye miti mingi.

Leo mtu akipita angani juu ya Ohio, Iowa au Kansas huona miraba isiyo na mwisho. Kila mstari ulikokotewa mnyororo. Barabara nyingi za mji wa Chicago zina upana wa futi 66, cheni moja. Salt Lake City, walioijenga Wamormoni, ina barabara za futi 132, cheni mbili, na mitaa ya futi 660 kila upande, yaani ekari 10 kamili. Sheria ya 1862 iliyogawa ardhi kwa walowezi iliwapa ekari 160, robo ya maili ya mraba. Na Jenerali Sherman alipotoa amri Januari 1865 kwamba familia za watumwa walioachwa huru zipewe hadi ekari 40 kwenye pwani ya Carolina Kusini, Georgia na Florida, hiyo 40 haikutoka mbinguni. Ni robo ya robo, mraba wa cheni 20 kwa 20. Rais Andrew Johnson aliibatilisha mwaka huohuo, na ahadi ile inadaiwa hadi sasa.

Hapa ndipo ninapouona uzito wa cheni kuliko wasemavyo wanaosifu werevu wake wa hesabu. Zamani ukitaka kununua shamba ilibidi uende ukalione, uulize majirani, umjue anayelima. Cheni ilimwezesha mtu aliyekaa Philadelphia au London anunue ekari 640 ambazo hajawahi kuzikanyaga, kwa namba tu, na namba hiyo ikatambuliwa mahakamani dhidi ya watu waliozika wazee wao juu ya ardhi hiyo. Gunter hakulikusudia hilo. Alitaka kuwarahisishia vijana hesabu.

Kwingineko ilisambaa pamoja na bendera. New Zealand watu bado wanazungumzia Cheni ya Malkia, ukanda wa mita 20 hivi kandokando ya mito na fukwe unaodaiwa kuwa wa umma. Asili yake ni maagizo ya enzi ya Malkia Victoria ya 1840. Kriketi iliiwahi mapema: kanuni za 1744 ziliweka yadi 22 kati ya wiketi na wiketi, na hazijabadilika. Kenya ya Steve Tikolo ilipofika nusu fainali ya Kombe la Dunia la 2003, kila mpira uliorushwa ulipita cheni moja ya Gunter. Reli za Uingereza nazo bado huandika mahali penye daraja au stesheni kwa maili na cheni.

Kwetu cheni iliingia ikiwa imejificha ndani ya maili na ekari. Mfano mkubwa ni Buganda. Tarehe 10 Machi 1900 Sir Harry Johnston, mwakilishi wa Uingereza, alitia saini mkataba na watawala waliomshikia kiti Kabaka Daudi Chwa, aliyekuwa bado mtoto mdogo: Apolo Kagwa, Stanislaus Mugwanya na Zakaria Kisingiri. Mkataba ulikadiria eneo la Buganda kuwa maili za mraba 19,600. Kabaka alipewa 350, machifu na wenye ardhi 1,000 wakapewa maili 8,000, na serikali ya Malkia ikajitwalia maili 9,000 za ardhi iliyoitwa tupu pamoja na misitu. Nchi haikuwa imepimwa. Yaani waligawana namba kwanza, ardhi baadaye. Wapimaji walipoanza kuzunguka, orodha ya waliostahili ilikuwa imevuka watu 3,000, na kazi ikachukua miongo kadhaa. Ardhi hiyo Waganda waliiita mailo, na inaitwa hivyo hadi leo kwenye sheria za Uganda. Mkulima aliyekuwa juu ya ardhi hiyo kabla ya 1900 aliamka akiwa mpangaji, na ugomvi wa mpangaji na mwenye mailo ungali unapelekwa kwa viongozi kila mwaka.

Kenya ilikuwa na sheria ya ardhi ya Taji ya 1902, kisha ya 1915 iliyowapa walowezi mikataba ya miaka 999. Mashamba yao yalipimwa na kupewa namba. Kwenye moja, Shamba Namba 64, ilifunguliwa posta, pakazuka mji ambao mwaka 1912 ulipewa jina la Eldoret. Wenyeji kwa muda mrefu waliuita Sisibo, sitini na nne ya Kiingereza iliyolainishwa na ulimi wao. Eldoret huohuo pana Maili Nne, Nairobi pana Maili Saba, Kibaha pana Maili Moja. Nguzo za maili zimeng'olewa zamani, kilomita zimeshika barabara zote, lakini kondakta bado anaita majina hayo na abiria wanashuka.

Cheni ya chuma iliondolewa kazini na utepe wa chuma kuanzia mwisho wa karne ya 19, kisha miale, kisha setilaiti. Mwisho wa 2022 Marekani iliistaafisha rasmi futi yake maalumu ya wapimaji, iliyokuwa ikitofautiana na futi ya kawaida kwa sehemu mbili tu katika milioni moja. Mnunuzi wa kiwanja wa Afrika Mashariki ana tofauti kubwa kuliko hiyo za kumtoa jasho.

Tanzania utasikia madalali wakisema ekari ni 70 kwa 70. Sabini za nini? Zikiwa mita, ni mita za mraba 4,900, wakati ekari ni 4,047. Umepewa ziada, na muuzaji mwerevu hatoi ziada. Zikiwa hatua, inategemea miguu. Hatua ya sentimita 75, ya mtu wa kawaida anayetembea bila haraka, inakupa mita za mraba 2,756, karibu theluthi mbili ya ekari, na umelipia nzima. Mraba wa ekari kamili ni mita 63.6 kila upande. Ukitaka ukanda wa Gunter, ni mita 20.12 kwa 201.17.

Kenya kuna ile ploti ya futi 50 kwa 100 inayoitwa thumuni ya ekari, sehemu moja ya nane. Hamsini mara mia ni 5,000. Thumuni ya 43,560 ni 5,445. Zimepotea futi za mraba 445, asilimia nane. Wauzaji husema ziada imekwenda kwenye barabara za ndani, na mara nyingi ni kweli: ploti nane zinachukua futi 40,000, zinabaki 3,560 za njia. Lakini basi barabara iwepo, na iwe kwenye ramani, si maneno ya mtu aliyesimama kwenye kichaka na tai shingoni.

Kwa hiyo msomaji, kabla hujatoa arubuni, mwache dalali na hatua zake. Chukua mpimaji aliyesajiliwa, mtafute kila bikoni, kisha fungua hati usome hekta, kwa sababu hapo ndipo namba inayokubaliwa mahakamani ilipo. Ekari moja isomeke hekta 0.4047. Thumuni ya kweli ni hekta 0.0506. Ya 50 kwa 100 haifiki hata 0.047.